Kukadiria na Kupima Ukinzani wa Koili za Mota: Mwongozo Kamili kwa Mafundi

Swali linalorudi kila mara ni hili: "Fundi, mota ya mashine ya kusaga inasoma omu 0.9, 0.9 na 1.0. Imeungua au ni nzima?" Kwa namba hizo peke yake hakuna anayeweza kujibu. Nyaya za mita, joto la mota na vipande vya shaba vilivyoachwa kwenye terminali vimeshachanganya hesabu. Kwa sababu hiyo mota nzima zinapelekwa kusukwa upya (kutiwa koili mpya), mwenye mashine anatoa pesa bure, na nyingine zilizoungua zinarudishwa kazini hadi zitoe moshi.

Mwongozo huu ni wa mota za induksheni za fezi tatu, zile za mashine za kusaga na kukoboa, pampu, misumeno na kompresa. Mota za fezi moja zina sehemu yake huko chini. Mpangilio ni huu: kwanza unakadiria namba unayoitegemea, ndipo unapima, kisha unalinganisha. Anayeruka makadirio atapima vizuri na bado hatajua alichokipata ni kizuri au kibaya.

## Vifaa vya kuandaa

- Multimita ya dijitali yenye skeli ya milivolti 2000 ya DC. Hata ile ya bei nafuu inayo.
- Multimita ya pili yenye skeli ya ampia 10 DC, au klampu mita inayosoma DC.
- Betri ya volti 12, ya gari au ya sola, iliyojaa chaji.
- Balbu za gari za volti 12: mbili za wati 5 na mbili za wati 21, pamoja na holda zake.
- Fyuzi ya ampia 5 kwenye waya wa chanya, karibu kabisa na betri.
- Nyaya fupi nene zenye klipu za mamba.
- Themomita, msasa laini, spana, kalamu na daftari.
- Mega ya volti 500, mita ya kupima insulesheni (kihami cha waya).
- Kwa anayesuka: maikromita na futi kamba.

Balbu ndiyo inayozuia mkondo. Ukiunganisha betri ya volti 12 moja kwa moja kwenye koili yenye nusu omu, zitapita zaidi ya ampia 20, waya utapata moto na kipimo kitaharibika. Kwa mota hadi HP 5 tumia balbu ya wati 5. Kwa HP 7.5 hadi 15 tumia ya wati 21. Kwa mota kubwa zaidi, hadi HP 30, funga balbu mbili za wati 21 sambamba. Lengo ni mkondo wa kama sehemu ya kumi ya ampia zilizoandikwa kwenye kibati cha mota, na usizidi asilimia 15. Ukizidi, badilisha balbu uweke ndogo.

Ukiwa na mita ya nyaya nne inayosoma miliomu, itafanya kazi ya betri na balbu, lakini hatua nyingine zote zinabaki vilevile.

## Hatua ya 1: Kata umeme, tenganisha, subiri ipoe

Zima breka, toa fyuzi, kisha hakikisha kwa mita kwamba hakuna volti kati ya fezi na fezi wala kati ya fezi na eathi. Fungua nyaya zote za umeme kwenye boksi la terminali. Usipime mota ikiwa bado imeshikana na kontakta, kapasita au inverta (kifaa cha kubadilisha mwendo wa mota): utakuwa unapima vyote kwa pamoja. Kama kuna inverta, subiri muda ulioandikwa kwenye bodi yake ili kapasita za ndani zimwage chaji. Volti zake zinaua hata umeme ukiwa umekatwa.

Sababu ya kusubiri ipoe ni shaba yenyewe. Ukinzani wake hupanda kama asilimia 4 kwa kila nyuzi 10 za joto. Mota iliyotoka kazini ikiwa na nyuzi 60 itasoma asilimia 12 juu ya vile itakavyosoma ikipoa hadi nyuzi 28. Na bodi hupoa kabla ya koili, kwa hiyo mota ya HP 10 ipe saa kadhaa, au ipime asubuhi kabla ya kuwashwa.

Umefanikiwa ikiwa: hakuna volti popote, na themomita uliyoiegemeza kwenye chuma cha bodi inatofautiana na hewa ya chumba kwa nyuzi zisizozidi 2. Andika joto hilo. Utalihitaji hatua ya 6.

## Hatua ya 2: Kadiria kutoka kwenye kibati

Kilowati za kwenye kibati ni nguvu inayotoka kwenye shafti. Umeme unaoingia ni mwingi zaidi, na tofauti yake ni hasara inayogeuka joto. Katika mota za ukubwa huu, mara nyingi asilimia 35 hadi 45 ya hasara hutokea kwenye koili za steta, sehemu ya mota isiyozunguka. Hapo ndipo tunapopatia makadirio.

Chukua mota ya HP 3, nguzo nne. Kibati kinasema kW 2.2, volti 400, ampia 4.8, kosine fai 0.82 (sehemu ya umeme inayofanya kazi kweli), stari (ncha moja ya kila fezi imefungwa pamoja na za wenzake).

1. Umeme unaoingia: 1.732 × 400 × 4.8 × 0.82 = wati 2,727.
2. Hasara yote: 2,727 − 2,200 = wati 527.
3. Sehemu ya koili, kwa asilimia 40: wati 211.
4. Ukinzani kati ya terminali na terminali mota ikiwa na joto la kazi: 211 ÷ (1.5 × 4.8 × 4.8) = omu 6.1.
5. Ukiishusha kutoka nyuzi 75 hadi nyuzi 28: 6.1 × 262.5 ÷ 309.5 = omu 5.2. Namba hizo mbili ni 234.5 ya shaba ukijumlisha joto, kama utakavyoona hatua ya 6.

Ile 1.5 ya mstari wa nne inafanya kazi kwa stari na kwa delta (fezi tatu zimefungwa ncha kwa ncha kama pembetatu), mradi utumie ampia za laini na ukinzani wa terminali hadi terminali. Ukitaka ukinzani wa fezi moja, kwa stari gawanya kwa 2, kwa delta zidisha kwa 1.5. Mota yetu ni stari, kwa hiyo kila fezi ni omu 2.6 hivi.

Haya ni makadirio. Yape uhuru wa robo juu na robo chini: tunategemea omu 3.9 hadi 6.5 kati ya terminali na terminali. Ukija kupata 1.2 au 14, kuna jambo. Ukipata 5.5, endelea kwa amani.

Kibati kikionyesha HP tu, zidisha kwa 0.746 upate kilowati. Kikisema volti 380 au 415, tumia hiyo hiyo iliyoandikwa, siyo volti za ukutani kwako.

Ukifanya hesabu hii kwa mota ya HP 20 yenye ampia 29 hivi, utakuta terminali hadi terminali ni chini kidogo ya nusu omu. Skeli ya omu 200 ya multimita za kawaida inapiga hatua za 0.1, na nyaya zake zenyewe zina omu 0.2 hadi 0.5. Yaani waya wa mita unaweza kuwa na ukinzani sawa na mota nzima. Ndiyo maana 0.9, 0.9 na 1.0 hazina maana yoyote.

## Hatua ya 3: Fungua vipande vya shaba, tambua fezi zako

Hapa ndipo wengi wanapoanguka, basi twende polepole.

Kwenye boksi la kawaida safu ya juu ni U1, V1, W1, na safu ya chini ni W2, U2, V2. Angalia vizuri: chini ya U1 kuna W2, siyo U2. Koili moja inakwenda mshazari. Fundi anayepima terminali ya juu na ya chini yake anapima ncha za koili mbili tofauti, na akikosa mwendelezo, yaani mita isipoonyesha njia ya umeme, anatangaza kwamba waya umekatika.

Vipande vya shaba vikisimama wima, mota iko delta. Vikilala kwenye safu moja, ni stari. Vitoe vyote. Piga msasa terminali mpaka zing'ae, kwa sababu kutu ya kijani huongeza omu za uongo.

Kwa nini usiache delta imefungwa? Tuseme kila fezi ina omu 2. Delta nzima itasoma 1.33 kila upande. Sasa fezi moja ikatike kabisa: upande mmoja utasoma 4 na pande mbili zitasoma 2. Umeona? Pande zote tatu zina mwendelezo, mita inalia kila mahali, na theluthi ya mota imekufa. Fundi wa haraka anafunga kifuniko na kusema mota ni nzima.

Umefanikiwa ikiwa: U1 na U2 zina mwendelezo, V1 na V2 vilevile, W1 na W2 vilevile, na hakuna mwendelezo wowote kati ya fezi na fezi nyingine wala kati ya fezi na bodi. Ukipata mwendelezo kati ya fezi mbili baada ya kutoa vipande vyote, au kati ya fezi na bodi, insulesheni imepasuka. Simama hapo. Hiyo ni ya kusukwa upya.

## Hatua ya 4: Linganisha fezi tatu kwa mkondo mmoja

Hii ndiyo hatua ninayoiamini kuliko zote, na haihitaji mita ya bei kubwa. Ukipitisha mkondo uleule kwenye fezi zote tatu zilizofuatana, volti ya kila fezi itapanda na kushuka kwa uwiano uleule wa ukinzani wake. Ampia zikiwa na kosa, kosa ni moja kwa fezi zote, halibadilishi ulinganisho.

Rudisha vipande viwili tu vya wima: kimoja kati ya V1 na U2, kingine kati ya W1 na V2. Cha tatu, kati ya U1 na W2, kiache nje. Sasa fezi zako zimepangana mfululizo kutoka U1 hadi W2.

1. Unganisha chanya ya betri, fyuzi, balbu, kisha U1.
2. Unganisha W2 na hasi ya betri.
3. Weka mita kwenye milivolti 2000 DC. Kama huna uhakika, anza na skeli ya volti 20.
4. Gusa U1 na U2, andika. Gusa V1 na V2, andika. Gusa W1 na W2, andika. Rudia ya kwanza kuona kama betri imeshuka njiani.

Ncha za mita ziguse skrubu za terminali zenyewe, usiguse klipu ya waya wa betri. Ukigusa klipu unaongeza ukinzani wa mahali klipu ilipouma, na ndio huo tunaoukimbia.

Kwa mota yetu ya HP 3 na balbu ya wati 5, utaona kitu kama: U milivolti 946, V 941, W 949. Tafuta wastani, ambao ni 945. Fezi iliyo mbali zaidi na wastani ni V, na tofauti yake haifiki hata nusu asilimia.

Kipimo cha kuhukumu ni hiki: kila fezi iwe ndani ya asilimia 2 ya wastani. Mota zilizosukwa kwa koili za ndani na za nje zinazozungukana, ambako fezi moja ina vichwa (sehemu za koili zinazotokeza nje ya chuma) virefu kuliko nyingine, zinaweza kuzidi kidogo bila ugonjwa. Hapo ndipo rekodi ya siku mota ilipokuwa mpya inaokoa.

Sasa tazama mota mbovu: 946, 941, 852. Wastani ni 913, na W iko karibu asilimia 7 chini yake. Fezi yenye ukinzani mdogo ndiyo yenye mizunguko iliyogusana. Kinyume chake, 946, 941, 1080 inaonyesha W iko juu: kiungio kilicholegea, soda (risasi ya kuunganishia waya) iliyopasuka, au waya mmoja kati ya miwili iliyosukwa pamoja umekatika. Kabla ya kuipeleka kusukwa, fungua kiungio cha ncha hiyo, kipige msasa na ukaze upya, kisha pima tena. Mara nyingi tatizo huishia hapo.

Onyo: usikae na betri imeunganishwa. Nusu dakika inatosha kwa vipimo vyote.

## Hatua ya 5: Pata omu zenyewe

Ulinganisho unakuambia kama fezi zinafanana. Haukuambii kama zote tatu zimekosewa kwa pamoja, mfano mota iliyosukwa kwa waya usio wake. Kwa hilo unahitaji omu.

Toa vipande vyote. Unganisha betri, fyuzi, balbu na mita ya ampia kwa mfululizo na fezi moja, mita ya pili iguse terminali za fezi hiyo. Subiri sekunde chache namba zitulie, kisha soma zote mbili kwa wakati mmoja. Gawanya volti kwa ampia.

Mfano: volti 1.08, ampia 0.40. Omu 2.70.

Onyo la maana: toa ncha za mita ya volti kwanza, ndipo ukate betri. Koili hairuhusu mkondo ukatike ghafla. Hujibu kwa volti nyingi za mpigo mmoja, zinazoweza kuua mita na kukupiga shoti kama vidole viko kwenye terminali. Na usitenganishe waya karibu na matundu ya betri: cheche moja juu ya gesi ya betri iliyotoka kuchajiwa inaweza kuilipua.

Umefanikiwa ikiwa: omu uliyopata iko ndani ya robo ya makadirio ya hatua ya 2. Sisi tulikadiria 2.6, tumepata 2.70. Vizuri kabisa.

## Hatua ya 6: Rudisha kipimo kwenye joto moja

Kipimo cha asubuhi Iringa na cha mchana Dar es Salaam havilinganishwi bila kurekebisha joto. Tumezoea kurudisha vyote kwenye nyuzi 20:

Ukinzani wa nyuzi 20 = kipimo × 254.5 ÷ (234.5 + joto la koili)

Kwa mota yetu: 2.70 × 254.5 ÷ 262.5 = omu 2.62. Andika namba hiyo kwenye daftari na kwa rangi ndani ya kifuniko cha boksi la terminali, pamoja na tarehe. Atakayeifungua baada yako atakushukuru.

Kama koili ni za aluminiamu, weka 225 badala ya 234.5, na 245 badala ya 254.5.

Fomula hiyohiyo ukiigeuza inakupa joto la ndani ya koili, ambalo mkono juu ya bodi hauwezi kulijua. Mota yetu ilisoma 2.70 ikiwa na nyuzi 28. Ifanyishe kazi kwa mzigo wake mpaka joto litulie, izime, kata umeme na ufungue nyaya, kisha pima ndani ya nusu dakika. Tuseme umepata 3.35. Hesabu: 3.35 ÷ 2.70 × 262.5 − 234.5 = nyuzi 91. Kwa insulesheni ya daraja B, ambayo mwisho wake ni nyuzi 130, mota hiyo iko salama. Daraja F mwisho wake ni 155. Ukikuta 125 kwenye mota ya daraja B, punguza mzigo au safisha feni na mapezi ya bodi, maana vumbi la unga likiganda hapo hewa haipiti. Kupima ndani ya nusu dakika kunawezekana tu ukiwa umeandaa betri na klipu kabla ya kuzima, na mtu wa kukusaidia yupo.

## Hatua ya 7: Mota yenye nyaya tatu tu, na pampu za kisima

Baadhi ya mota zimefungwa stari ndani na zinatoa nyaya tatu tu. Pima jozi tatu kwa njia ya hatua ya 5, kisha toa ukinzani wa kila fezi hivi:

Fezi W = (kipimo cha VW + kipimo cha WU − kipimo cha UV) ÷ 2

Tuseme UV ni 5.40, VW ni 5.13 na WU ni 5.13. Ukiangalia haraka tofauti ni asilimia 5 tu. Lakini hesabu inatoa: W = (5.13 + 5.13 − 5.40) ÷ 2 = 2.43, wakati U na V ni 2.70 kila moja. Fezi W ina upungufu wa asilimia 10. Stari iliyofungwa huficha nusu ya ugonjwa, basi usiridhike na vipimo vya jozi bila kufanya hesabu.

Pampu ya kisima inaongeza jambo jingine: kebo. Mita 100 za kebo ya milimita za mraba 2.5, kwenda na kurudi, zina omu 0.01724 × 200 ÷ 2.5 = 1.38. Ile 0.01724 ni omu za waya wa shaba wa mita moja wenye milimita ya mraba moja. Ondoa hiyo kwenye kila kipimo cha jozi kabla ya kuhukumu mota. Na kama jozi mbili zinazotumia waya mmoja ziko juu wakati ya tatu iko sawa, shuku kiungio cha kebo huko chini kabla ya kushuku koili.

## Hatua ya 8: Kwa anayesuka, kadiria kutoka kwenye waya

Unaposuka upya huna kipimo cha zamani, au kipo ila cha mota iliyoungua. Hesabu kutoka kwenye waya wenyewe, kabla ya kupiga vanishi, wakati kosa bado linaweza kurekebishwa.

Ukinzani wa fezi kwa nyuzi 20 = 0.01724 × urefu wa waya kwa mita ÷ eneo la waya kwa milimita za mraba

Mota yetu ina sloti (mifereji ya chuma inayolaza koili) 36, koili 6 kwa fezi, mizunguko 44 kwa koili. Hiyo ni mizunguko 264. Pima kwa futi kamba mzunguko mmoja wa koili ya kati, kupita ndani ya sloti mbili na vichwa vyote viwili: sentimita 46. Urefu wa waya ni 264 × 0.46 = mita 121.4.

Waya ni wa milimita 1.00. Choma vanishi ya waya kwa kiberiti na ufute ndipo upime kwa maikromita. Vanishi ikibaki unapata kipenyo kikubwa kuliko cha shaba, na kosa la kipenyo hujizidisha lenyewe. Eneo ni 0.785 × 1.00 × 1.00 = 0.785. Basi: 0.01724 × 121.4 ÷ 0.785 = omu 2.67. Tulipima 2.62. Tofauti ni asilimia 2, ambayo futi kamba peke yake inaweza kuileta.

Ukisuka kwa waya miwili sambamba, jumlisha maeneo yao. Waya wa geji 20 una milimita 0.914, wa geji 22 una 0.711. Ukibadilisha geji 20 kwa geji 22 kwa sababu dukani imekosekana, ukinzani unapanda kwa zaidi ya asilimia 65, na joto la koili kwa mzigo uleule linapanda nalo. Mota hiyo itaungua mapema, na mteja atarudi kwako.

Kama kipimo chako kiko kama asilimia 60 juu ya hesabu ya shaba, na mizunguko na kipenyo umehakikisha, kwangua waya kwa kisu. Ukiona weupe ndani, umeuziwa aluminiamu iliyopakwa vanishi ya rangi ya shaba.

## Mota za fezi moja

Pampu ya HP 1 ya nyumbani ina koili mbili: ya kazi, yenye waya mnene, na ya kuanzia, yenye waya mwembamba na omu nyingi zaidi. Toa kapasita, imwage chaji kupitia balbu ya nyumbani, na itenge kabisa.

Kwa nyaya tatu, pima jozi zote tatu. Jozi yenye omu nyingi zaidi ni kazi na kuanzia kwa pamoja, na waya uliobaki nje ya jozi hiyo ndio wa pamoja. Mfano: 3.5, 9.0 na 12.5. Dogo na la kati zikijumlishwa lazima zitoe kubwa: 3.5 + 9.0 = 12.5. Zisipokubaliana kwa zaidi ya makosa ya mita, rudia, na zikigoma tena koili ina hitilafu. Usishangae ukikuta koili mbili zinalingana kwenye mota inayozunguka pande zote mbili, kama ya mashine ya kufulia. Imetengenezwa hivyo.

Ukipata mwendelezo umekatika kwenye waya wa pamoja na mota bado ina moto, ngoja ipoe. Huenda ni kikata joto kilichofichwa kwenye vichwa vya koili, na kitajifunga chenyewe.

## Kile ambacho ukinzani hauwezi kukuonyesha

Mzunguko mmoja uliogusana kati ya 264 unabadilisha ukinzani kwa chini ya nusu asilimia. Hakuna balbu wala mita ya mkononi itakayouona, lakini mota itaungua. Vilevile insulesheni iliyolowa haionekani kwa omu za koili. Kwa hiyo kabla ya kurudisha mota kazini, fanya mambo mawili.

Piga mega ya volti 500 kati ya kila fezi na bodi, na kati ya fezi na fezi, kwa dakika moja. Ukipata zaidi ya megaomu 5, endelea. Chini ya megaomu 1, usiwashe: kausha kwanza kwa joto la taratibu kisha rudia. Baada ya kila kipimo gusanisha ncha na bodi ili koili imwage chaji.

Halafu rudisha vipande vya shaba na nyaya za umeme kama zilivyokuwa, iwashe bila mzigo, mkanda ukiwa nje, na usome ampia za nyaya zote tatu kwa klampu. Zikilingana ndani ya asilimia 10, vizuri. Waya mmoja ukiwa juu sana, zima, kisha hamisha nyaya zote tatu za umeme nafasi moja: ya U iende V, ya V iende W, ya W iende U. Mwelekeo wa kuzunguka haubadiliki. Washa tena. Ampia nyingi zikifuata waya wa umeme uleule, tatizo ni laini, na kapime volti za fezi tatu kwenye breka. Zikibaki kwenye terminali ileile ya mota, tatizo liko ndani ya mota, mara nyingi mizunguko iliyogusana, hata kama milivolti zako za hatua ya 4 zilikuwa zinafanana.